Udongo, shanga, maharage au makasi? Kumchagulia mtoto wa maternele mchezo wa vidole

Mdogo wangu anaishi Goma, mimi niko Bukavu, na katikati yetu kuna ziwa zima la Kivu. Juzi usiku alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyetoka kugombezwa. "Yaya, mwalimu ananiambia mtoto anashika biki kama mtu anayetwanga sombe. Eti vidole havina nguvu. Kesho niko sokoni. Ninunue ule udongo wa rangi, shanga, ao kitabu cha kufuatisha herufi?" Mtoto mwenyewe ana miaka minne na nusu.

Ninafundisha maternele, yaani shule ya watoto wadogo kabla ya shule ya msingi, na swali hili hunijia kila Septemba masomo yanapofunguliwa. Kitabu cha herufi nilimwambia akiache dukani kwanza, sababu nitazisema. Kuhusu vile viwili vingine sikuweza kumjibu kwa neno moja, kwa kuwa udongo na shanga haviufundishi mkono kitu kimoja. Nikaona pia amesahau maharage yaliyo jikoni kwake na makasi yaliyolala kwenye kikapu cha kushonea. Hapa nimeviweka vyote vinne kimoja kando ya kingine, mzazi achague kwa kutazama mkono wa mtoto wake na hali ya nyumba yake.

Mkono unalia nini?

Mtoto anapozaliwa, mifupa 8 midogo ya kifundo cha mkono bado ni gegedu laini. Hukomaa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho hungoja mpaka mtoto awe na miaka kati ya 8 na 12. Kwa hiyo mkono wa mtoto wa maternele ni nyumba ambayo bado inajengwa. Misuli mikubwa inayokunja vidole haipo kwenye vidole vyenyewe. Iko juu, kati ya kiwiko na kifundo. Ile midogo iko kiganjani, pamoja na ule mnofu ulio chini ya kidole gumba, na ndiyo inayoiwezesha biki kutembea kwenye mstari bila mkono mzima kuhama.

Mtoto akishindwa na biki, mimi hutazama mambo matatu. Kuna mkono usio na nguvu: mstari wake ni hafifu, na baada ya dakika mbili anakung'uta kiganja na kusema amechoka. Kuna mkono wenye nguvu lakini ncha za vidole hazijajua kazi: anashika kila kitu kwa ngumi, na punje moja ya mchele iliyodondoka mezani anaikusanya kwa kiganja kizima. Na kuna mikono miwili ambayo haijaelewana: kaye, yaani daftari, inazunguka mezani kama gurudumu kwa sababu mkono wa pili umelala pajani. Mara nyingi hayo yote yamechanganyika, lakini moja huwa limezidi.

Ili mtu asiogope bure: kwa kawaida mtoto wa miaka 3 akionyeshwa duara anaweza kulichora, na anaweza kutunga kwenye uzi vitu vyenye tundu kubwa. Akifika miaka 4 huwa ameanza kushika kalamu kwa vidole badala ya ngumi, na anaweza kufungua baadhi ya vifungo vya shati. Kwenye 5 anafunga vifungo kadhaa mwenyewe na kuandika baadhi ya herufi za jina lake. Watoto wa darasa moja hupishana kwa miezi mingi katika haya. Mtoto wa mdogo wangu amechelewa kidogo, si zaidi.

Udongo: mchezo wa nguvu

Kama mkono hauna nguvu, hakuna kinachoushinda udongo. Kuufinya, kuupiga, kuuviringisha uwe nyoka mrefu, kumkata nyoka vipande, kuchimba shimo kwa gumba uwe kikombe: kila tendo linamlazimisha mtoto kusukuma kitu kinachomsukuma naye. Shanga haisukumi. Biki haisukumi. Na udongo hauna kosa. Nyoka akikatika wanakuwa nyoka wawili, na mtoto aliyezoea kuambiwa "umekosea" hapo anapumua.

Lakini udongo upi? Hapa Bukavu swali ni jepesi. Milima yetu ni udongo mtupu, mwekundu, ule unaoteleza mvua ikizidi na kushuka na nyumba za watu. Ule wa juu ya mlima una mchanga na mizizi, haushikani vizuri. Mzuri ni ule wa mabondeni wanakofyatulia matofali, au ule ambao Wabatwa wamefinyangia vyungu tangu zamani. Ninauomba, sinunui. Ninachukua wa chini, siyo ule wa juu ambako mbuzi na watu wamepita, kwa sababu ya minyoo. Ninauanika mpaka ukauke kabisa, ninautwanga, ninauchekecha, kisha ninaukanda kwa maji yaliyochemshwa. Baada ya mchezo, mikono inaoshwa kwa sabuni na kucha zinatazamwa. Mtoto anayekula udongo, nao wapo wengi na tunawajua, simpi huu.

Goma ni hadithi nyingine. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mwaka 2002, na sehemu kubwa ya mji imesimama juu ya mawe meusi. Mtu akichimba uani kwake anapata changarawe. Mama wa Goma amebakiwa na mawili. La kwanza ni udongo wa rangi wa dukani. Ni laini, hauchafui, watoto wanaupenda, ila una bei, na ukiachwa wazi usiku mmoja asubuhi umekuwa jiwe. La pili ni donge la jikoni: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kijiko cha mafuta, na maji kama kikombe 1, ukiyamimina kidogo kidogo hadi donge liache kunata mikononi. Likifungwa kwenye mfuko au kopo lenye kifuniko linakaa siku kadhaa. Unga wa mihogo usijaribu kuukanda hivyo ukiwa mbichi. Hauvutiki kama ngano, unapasukapasuka.

Donge la jikoni lina makosa mawili. Lina chumvi nyingi mno. Mtoto akimeza bonge zima ni mzigo kwa mwili wake mdogo, na mwenye kidonda kidoleni atalia. Kosa la pili halimo kwenye donge lenyewe, limo kwenye macho ya majirani. Mama mkwe akikuta unampa mtoto unga achezee, wakati kuna nyumba zinazolala bila bugali, utaelezwa. Na sisemi amekosa. Mimi mwenyewe, nikiwa na udongo wa bondeni, unga siugusi.

Kati ya hayo matatu, ule wa bondeni ni mgumu zaidi kuufinya kuliko wa dukani, na ndiyo sababu naupendelea. Ila kwa mtoto wa miaka 3 mwenye vidole dhaifu kabisa, anzeni na laini. Udongo mgumu utamkatisha tamaa kabla haujamsaidia.

Upungufu wa udongo ni huu: mtoto anaweza kuufinya mwaka mzima kwa kiganja tu, ncha za vidole zisijifunze kitu. Mwambie atengeneze vidonge vidogo kama punje za maharage, akiviringisha kwa gumba na kidole cha shahada peke yake. Hapo mchezo wa nguvu unaanza kuwa mchezo wa ncha.

Shanga: macho, uzi na subira

Kutunga shanga ni kazi ya mikono miwili ambayo haifanani. Mmoja unashika, mwingine unasukuma uzi, halafu wanabadilishana: mkono uliokuwa umeshika shanga sasa unavuta ncha ya uzi upande wa pili. Jicho linaongoza yote. Kwa mtoto ambaye kaye yake inazunguka mezani, hili ndilo darasa lake, na udongo hautamfundisha.

Shanga ndogo za sokoni, zile za kiunoni, msinunue. Zinamtesa hata mtu mzima. Mtoto anaanza na kitu kikubwa chenye tundu kubwa juu ya kitu kigumu: makaroni mbichi kwenye kijiti, mirija iliyokatwa vipande, vizibo vya plastiki vilivyotobolewa kwa msumari uliopashwa moto (kutoboa ni kazi yako, siyo yake). Kutoka kijiti anahamia kwenye kamba ya kiatu ambayo ncha yake ni ngumu, kisha uzi wa kawaida uliochovywa nta ya mshumaa ncha yake isimame. Ukimpa uzi uliolegea siku ya kwanza atautupa, na utasema mtoto hana subira wakati umempa kazi ya fundi.

Pesa zikiwepo, shanga za mbao ni nzuri na zinadumu kuliko udongo wowote. Zisipokuwepo, shati kuukuu lenye vifungo vikubwa linafanya karibu kazi ileile. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alikuwa na fremu za mbao zenye vitambaa viwili vya kufungwa kwa vifungo na kamba, mtoto ajifunze hapo kabla ya kuhangaika na nguo iliyo mwilini. Fremu hiyo inaweza kuwa mto wa kochi uliovalishwa shati la baba.

Kwa nguvu, shanga hazifai. Mtoto mwenye mkono uliolegea akitunga shanga kila siku atakuwa mtoto mwenye mkono uliolegea anayejua kutunga shanga.

Maharage: ya bure, na ya hatari

Hapa ndipo jikoni petu panapolishinda duka. Kuchambua maharage, mekundu huku na meupe kule. Kupukuchua mahindi makavu kwa gumba, kazi ambayo mnofu wa gumba unaipata sawasawa. Kuchambua majani ya sombe kutoka kwenye vikonyo. Mtoto hajui kama anafanya mazoezi. Anajua anamsaidia mama, na anapewa sifa mbele ya wageni. Vibanio vya nguo pia nitaviweka hapa: akibana vitambaa vidogo kwenye kamba iliyofungwa usawa wa kifua chake, gumba na shahada vinafanya kazi kwa nguvu na kwa shabaha pamoja. Vile vya mbao vyenye chuma kikali vingoje miaka 5.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote katika kundi hili ni ule wa mashimo na mbegu, igisoro kama wanavyouita jirani zetu ng'ambo ya Ruzizi. Sheria zake ni za watu wazima, lakini kitendo chake ni cha mtoto. Unachota mbegu ujaze ngumi, kisha unaziangusha moja kwa kila shimo. Jaribu mwenyewe uone kinachotokea: mbegu iliyo kiganjani inabidi isafiri mpaka kwenye ncha za vidole bila msaada wa mkono wa pili, wakati nyingine zimeshikwa na vidole viwili vya mwisho zisianguke. Hivyo ndivyo mkono unavyogawana kazi wakati wa kuandika: upande wa gumba unatenda, upande wa kidole cha mwisho unatulia. Sijaona mchezo wa dukani unaofundisha hilo vizuri hivyo. Mashimo sita uani, au kasha la mayai, na mbegu tatu kiganjani kwa kuanzia. Akizimudu, tano.

Friedrich Fröbel naye, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Blankenburg mwaka 1837, katika kazi alizowapangia watoto aliweka njegere zilizolowekwa na vijiti: njegere ni fundo, kijiti ni boriti, mtoto anajenga nyumba. Hilo nimelifanya darasani kwa maharage ya kulowekwa na vijiti vya meno vilivyokatwa ncha. Nyumba nyingi zilianguka. Za wenye vidole vyepesi ndizo zilizoanguka zaidi, kwa sababu walikimbilia ghorofa.

Sasa hatari. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, mtoto mmoja alijitia haragwe puani wakati nimegeuka kumfunga mwenzake kamba za viatu. Hakusema. Haragwe kavu likipata unyevu linavimba, na kufika jioni lilikuwa halitoki kwa kupenga wala kwa kitu kingine. Mama yake alimpeleka kituo cha afya, likatolewa, na kesho yake alikuja kuniuliza nilikuwa wapi. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo mbegu zinahesabiwa zikitoka na zinahesabiwa zikirudi, na mimi ninakaa nao chini kwenye mkeka. Kama nyumbani kuna mdogo aliye chini ya miaka 3 anayeonja kila kitu, maharage na shanga vyote viwili viwe vya mezani tu, mtu mzima akiwepo. Kipimo rahisi: kitu chochote chembamba kuliko sentimita 3 hivi kinaweza kumziba koo. Kwa hilo, bonge kubwa la udongo linawashinda wenzake wote kwa usalama.

Makasi: yaje mwisho, lakini yaje

Wazazi wengi huku kwetu wanayaficha makasi mpaka mtoto afike shule ya msingi. Ninawaelewa, ila kuna kitu kinapotea. Makasi ndiyo pekee kati ya haya manne yanayofundisha kufungua mkono kwa nguvu na siyo kufunga tu. Miaka 3 anakata ukingo wa karatasi mara mojamoja. Miaka 4 anafuata mstari ulionyooka, na 5 anajaribu duara. Makasi yawe madogo, ya ncha butu, na gumba liwe juu. Mtoto anayekata huku kiganja kimetazama sakafu atachoka na atajikata. Kabla ya makasi, mpe magazeti ya zamani ayachane kwa vidole, nyuzinyuzi ndefu.

Mtoto wa kushoto makasi ya kawaida yatamtesa, kwa sababu makali yamepangwa kwa mkono wa kulia na yanamziba asione mstari. Hilo si ukaidi. Na kwa kuwa tumefika hapo: kumfunga mtoto mkono wa kushoto au kumpiga kofi ili atumie wa kulia, bado naliona. Unampa mwandishi wa kesho mkono ambao haukuwa wake.

Kitabu cha kufuatisha herufi

Nilisema nitazitoa sababu. Kitabu kinaomba kitu ambacho mkono haujakuwa nacho. Mtoto mwenye ngumi atafuatisha herufi kwa ngumi, kurasa arobaini, na ngumi itakuwa tabia. Najua kwa nini wazazi wanakipenda: kinaonekana. Mtoto akirudi nyumbani na kaye imejaa a, a, a, baba anaona ada imefanya kazi. Akirudi na udongo kwenye kucha anaona ada imepotea. Maternele yetu ni miaka mitatu, kuanzia miaka 3 hadi kufikia 6, na mwaka wa tatu unatosha kwa herufi kama vidole vimeandaliwa.

Akitaka kuchora, na achore, ila kwa kipande cha chaki au kreyo kilichovunjwa kiwe na sentimita 2 au 3. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Vidole vinajipanga vyenyewe bila kufokewa. Na achore kwenye kitu kilichosimama. Goma mna bahati hapo: zile kuta za mawe meusi ya lava zinapokea chaki vizuri, na ukwaru wake unamdai mtoto akandamize. Mkono ukiwa umeinuliwa ukutani, kifundo kinakunjika kwa nyuma kama inavyotakiwa wakati wa kuandika, na bega nalo linapata kazi yake. Chaki itaisha haraka. Nunueni pakiti.

Basi nani achague nini

Mkono uliochoka haraka: udongo, robo saa kila siku, mwezi mmoja kabla ya kuhukumu. Ngumi yenye nguvu isiyojua ncha: igisoro na vibanio, udongo uwe wa vidonge vidogo. Mikono miwili isiyoelewana: shanga, vifungo, halafu makasi. Nyumba yenye mdogo anayetambaa: udongo tu, na chaki ukutani. Nyumba ambayo maji yanabebwa kwa bido kutoka mbali, na Goma hilo linajulikana, mama akaona haiwezekani kuosha udongo kila jioni: vibanio, mahindi na chaki, wala asijilaumu. Mtoto aliyepita miaka 5 na bado hawezi kushika kijiko vizuri, au aliyekuwa anatumia mkono fulani akauacha, huyo si wa michezo kwanza. Apelekwe kwa daktari.

Mtoto wa mdogo wangu nilimfahamu kwa swali moja: "Akifungua kizibo cha chupa ya maji, anaweza?" Akasema hawezi, anamletea kaka yake. Basi ni nguvu. Nikamwambia shanga ziache, tafuta udongo.

"Yaya, huku udongo utoke wapi? Ni majiwe tu."

Kwa hiyo nilikanda kilo tatu, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, juu yake mfuko wa plastiki, nikapeleka bandarini kwenye boti la Goma. Kijana wa mizigo aliupima kwa mkono akaniuliza ni jibini. Nikamwambia ni udongo. Akawaita wenzake waje wamwone mama anayetuma udongo kwa boti, kama vile Goma hakuna ardhi. Nikamwambia aende akachimbe aone.

Jumamosi nilipokea picha. Magurudumu mawili yaliyoviringishwa, si ya mviringo sana, yamebandikwa kwenye ubao mnene wa udongo: chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo ya Goma. Usukani ulikuwa umeshaanguka, na pembeni unaonekana mkono wa mtoto ukiubana kwa vidole viwili kuurudisha.